Dawa imesajiliwa na serikali, kunguni bado wanatembea. Nani ananidanganya: lebo, fundi au kunguni wenyewe?

#1 Mpangaji Mpole
Wakuu, salama? Naingia moja kwa moja.

Nina kunguni mwezi wa nne sasa. Dawa nimenunua mara tatu. Chupa ya mwisho ina namba ya usajili, nimeisoma mpaka yale maandishi madogo ya chini yanayohitaji miwani. Nikapuliza mwenyewe. Usiku wa kwanza kimya, wa pili kimya, wiki ya pili naamka mkononi nina vipele vitatu vimejipanga kama vifungo vya shati.

Nikaita fundi. Akaja na bomba la mgongoni na chupa ya maji ya kunywa ambayo ndani yake kuna kitu cheupe kama chokaa iliyozimuliwa. Haina lebo wala jina. Namuuliza ni dawa gani, ananijibu "ile kali". Akakoroga kwenye ndoo yangu kwa kijiti alichookota nje, dakika kumi vyumba viwili tayari, akaaga. Siku ya kumi na moja wameanza tena, na paka wangu alitetemeka siku mbili.

Swali langu: serikali inaposema dawa "imesajiliwa", inasajili nini hasa kama mdudu hafi? Na mtu wa kuja kuwamaliza kweli anapatikanaje, maana kila mwenye bomba siku hizi ni mtaalamu?

#2 Kobe Mzee
Umeuziwa feki. Hakuna cha kujadili hapa.

#3 Tumbili wa Jioni
Tatizo ni kwamba kunguni hawajui kusoma namba ya usajili 😂

#4 Bomba la Mgongoni
Mimi ni fundi wa kazi hiyo, mwaka wa kumi na nne huu, kwa hiyo mnitukane kwa adabu.

Mpangaji Mpole, watu wengi wanadhani namba ya usajili ni cheti cha kwamba dawa ni nzuri. Si hivyo. Kinachosajiliwa ni bidhaa fulani, yenye kiambata amilifu fulani (ile sumu yenyewe inayoua) kwa kiwango fulani, itumike kwa mdudu fulani, mahali fulani, kwa kipimo fulani. Mtengenezaji anapeleka data: inaua kwa kiasi gani, ina sumu kiasi gani kwa binadamu, samaki na nyuki, inakaa muda gani kwenye udongo. Mamlaka inapima, inakubali au inakataa, na kibali kina mwisho wake, kinahuishwa au kinafutwa. Dawa iliyosajiliwa kwa viwavi wa shambani ikipulizwa kwenye godoro, hiyo kwa hesabu ya kisheria haijasajiliwa. Chupa ni ileile, kosa ni jipya.

Sasa chukua ile chupa yako, usiangalie namba tu. Soma palipoandikwa matumizi. Kuna neno "kunguni" pale? Kuna maneno "ndani ya nyumba"?

Na yule jamaa mwenye chupa ya maji sina la kumtetea. Kuhamishia dawa kwenye chupa ya kinywaji ni kosa karibu kila nchi yenye sheria ya viuatilifu. Watoto wamekufa kwa chupa za namna hiyo.

#5 Mpangaji Mpole
Fundi, nimeenda kuisoma. Imeandikwa mende, mbu, nzi, mchwa, "na wadudu wengineo watambaao". Kunguni kwa jina hayupo.

#6 Tumbili wa Jioni
Kunguni ni mdudu mwingineo. Kesi imefungwa, mshtakiwa ana hatia.

#7 Binti Maabara
Salaam. Nafanya kazi na wadudu, si kunguni hasa ila najua jirani zao.

Kobe Mzee hapo #2 umewahi mno kuhukumu. Dawa inaweza kuwa halali kabisa, imechanganywa vizuri kabisa, na kunguni wakaipita kama wanavuka barabara. Kunaitwa usugu. Dawa nyingi za kupuliza za majumbani ni za kundi moja, piretroidi: sipamethrini, pamethrini, deltamethrini, lambda-sihalothrini. Majina manne, lakini zote zinapiga sehemu moja ya neva ya mdudu. Kunguni wa sehemu nyingi duniani wamebadilika hapohapo penye kupigwa. Wengine ngozi yao ya nje imekuwa nene, dawa inachelewa kupenya.

Kwa hiyo mtu anabadilisha chupa mara tatu akidhani anabadilisha dawa, kumbe anabadilisha rangi ya kifuniko.

Mpangaji, chupa zako tatu zilikuwa na kiambata gani?

#8 Mpangaji Mpole
Ya kwanza sipamethrini. Ya pili niliitupa. Ya tatu lambda hiyo uliyoitaja.

Nimekaa chini.

#9 Kobe Mzee
Binti, mimi nimeishi kuliko hizo piretroidi zako. Zamani ilikuwa inapigwa DDT mara moja, nyumba inalala miaka. Wazungu wakaipiga marufuku dunia nzima, leo tunalala na kunguni. Irudishwe tuone kama kutakuwa na uzi huu.

#10 Binti Maabara
Shikamoo mzee wangu, nitakupinga kwa heshima, mara mbili.

Kwanza, haijapigwa marufuku dunia nzima. Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa 2001 na kuanza kutumika 2004, ulianza na kemikali 12 zinazodumu kwenye mazingira, na DDT imo. Lakini haikuwekwa kwenye kundi la kufutwa kabisa, iliwekwa kwenye kundi la kubanwa: inaruhusiwa kwa kudhibiti wadudu waenezao magonjwa, hasa mbu wa malaria, kwa masharti. WHO mwaka 2006 walitangaza wazi kwamba wanaunga mkono kuipuliza kwenye kuta kwa ajili ya malaria. Kunguni hawamo, kwa sababu hawajathibitishwa kueneza ugonjwa.

Pili, na hii ndiyo itakuuma: kunguni walishaizoea DDT kabla hata haijaanza kupigwa vita. Mwaka 1947, kwenye mabweni ya wanajeshi Pearl Harbor kule Hawaii, walikutwa kunguni ambao DDT haiwafanyi kitu. Paul Müller, aliyegundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu, amepewa Nobel 1948. Yaani kunguni walimtangulia kwenye sherehe.

Na ukiwa sugu kwa DDT, mara nyingi unakuwa nusu ya safari kwenye piretroidi, maana zinapiga mlango uleule wa neva.

#11 Kobe Mzee
Marahaba. Nitarudi nikitafuta hoja.

#12 Mama Pacha
Naomba niseme jambo kabla mtu hajatoa ushauri wa "ile kali".

Mwaka fulani nilikuwa na kunguni hadi nikawa sitaki wageni. Mtu wa kuaminika kabisa akaniletea vidonge vya kijivu, akaniambia weka vitatu chini ya kitanda, funga madirisha, asubuhi fagia. Vile vya kuhifadhia nafaka ghalani. Nilishafunga dirisha moja. Kilichoniokoa ni harufu, kama kitunguu saumu kilichochanganyika na samaki aliyeoza, pacha mmoja akaanza kukohoa nikatoa watu wote nje na shuka zao. Tulikaa kibarazani mpaka kunakucha.

Baadaye ndio nikaelezwa. Vidonge vile ni alumini fosfidi, vikikutana na unyevunyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo haina dawa ya kuipinga mwilini. Inapita kwenye nyufa, inaingia chumba cha jirani aliyelala zake. Aliyeniletea hakuwa na nia mbaya, yeye mwenyewe alishavitumia.

Msifanye. Hata kimoja.

#13 Bomba la Mgongoni
Mama Pacha, Mungu aliwapenda. Nashikilia hapohapo: vile vidonge ni vya ufukizaji wa ghala lililofungwa, na anayevitumia anatakiwa awe amefunzwa, ana kipima gesi na barakoa ya kufaa. Marekani mwaka 2010 walizuia kabisa visitumike karibu na makazi, baada ya watoto kufa nyumbani kwao. Sehemu nyingi viko kwenye daraja la "matumizi yenye vizuizi", si vya kuuzwa kwa kila mtu.

Hapo ndipo sheria inapokuwa nzuri kwenye karatasi tu. Muuzaji anafungua kopo, anauza kimojakimoja kwenye kipande cha gazeti. Lebo imebaki kwenye kopo, sumu imeondoka peke yake.

#14 Mkulima Mbishi
Hizo lebo mbona rahisi tu, angalieni rangi ya mkanda wa chini. Nyekundu kali, njano inafuatia, buluu ya wastani, kijani salama. Mimi natumia kijani, napulizia hata bila kubadili nguo.

#15 Binti Maabara
Mkulima, mpangilio umeupatia, maana umeikosa.

Rangi zinafuata madaraja ya WHO: Ia na Ib nyekundu, II njano, III buluu, na daraja la mwisho kijani. Hilo la mwisho linaitwa "haielekei kuleta madhara ya papo kwa papo ikitumika kawaida". Hakuna palipoandikwa salama. Tena madaraja yanaangalia zaidi sumu ya ghafla, inayopimwa kwa panya wa maabara: akinywa au ikimgusa, kiasi gani kinaua nusu yao. Rangi haikuambii habari za miaka ishirini ya kuivuta kila msimu. Haikuambii pia habari za nyuki wala samaki.

Na siku hizi nchi nyingine zinahamia alama za kimataifa, zile za almasi yenye ukingo mwekundu, kwa hiyo kuna chupa utazikuta hazina mkanda wa rangi kabisa. Vaa glavu kaka.

#16 Mkulima Mbishi
Glavu ninazo. Zinanitosha mkono mmoja.

#17 Nusu Usingizi
Samahani kwa kuingilia. Mpangaji, umewahi kumwona kunguni kwa macho, au unaona vipele tu? Mimi nilipuliza kunguni miezi miwili kumbe ni viroboto wa paka. Dawa ilikuwa inaua kisichokuwepo.

#18 Mpangaji Mpole
Swali la haki. Nimewaona. Juzi nimeinua godoro saa nane usiku na tochi ya simu. Kwenye mshono wa pembeni, upande wa kichwani, kuna vidoa vyeusi kama mtu amejaribia kalamu ya wino. Kwenye tundu la skrubu ya chaga wamejibana wanne, bapa, rangi ya kahawia. Pembeni kuna maganda matupu ya kunguni, mepesi, ukipuliza kwa mdomo yanaruka. Na mmoja mdogo kama mbegu ya ufuta, anapenya nuru, tumboni ana nukta nyekundu. Hiyo nukta ni mimi.

#19 Nusu Usingizi
Haya, ni wenyewe. Natoa pingamizi langu.

#20 Bomba la Mgongoni
Huyo mdogo mwenye nukta ndiye shahidi wangu. Usugu upo, Binti sikukatai, ila angalieni tarehe. Fundi kapuliza, siku kumi kimya, siku ya kumi na moja wanauma. Mayai ya kunguni yanaangua siku sita mpaka kumi hivi, na dawa nyingi hazipenyi ganda la yai. Aliwaua wakubwa, wakazaliwa wapya kwenye nyumba ambayo hakurudi. Kazi ya kunguni haiwi ya safari moja. Unarudi baada ya wiki mbili, wakati wote wameshaangua na hakuna aliyekua akaanza kutaga. Mara nyingine tatu.

Sasa mwambie mteja utarudi mara tatu uone anavyokuangalia. Anataka safari moja, malipo ya safari moja na dhamana ya mwaka. Ukifika nguo ziko sakafuni, chini ya kitanda kuna mabegi ya tangu mkutano wa wazee, anakwambia "puliza tu hivyohivyo". Halafu anakuja kufungua uzi.

#21 Mpangaji Mpole
Mabegi yalikuwepo. Naomba yasijadiliwe.

#22 Binti Maabara
Fundi, lakini kasema waliokaa kwenye skrubu ni wanne wakubwa, wa kahawia. Siku kumi na moja haitoshi yai kuwa kunguni mkubwa, anapita hatua tano na kila hatua anahitaji kunywa damu, inachukua zaidi ya mwezi. Hao wakubwa walikuwepo dawa inapigwa na wakabaki hai.

#23 Bomba la Mgongoni
Au dawa haikufika kwenye tundu la skrubu. Vyumba viwili dakika kumi! Mimi kitanda kimoja nakifungua mbao kwa mbao, nusu saa.

#24 Ukuta Mwembamba
Au walitoka kwa jirani. Mpangaji anaitwa mpangaji, maana yake kuna ukuta na upande wa pili kuna mtu. Sisi tulipiga mara nne, tukatupa kitanda, siku moja nikaona mmoja anatoka kwenye tundu la swichi ya taa anatembea kwa kujiamini kama mwenye nyumba. Jirani hakuwahi kupiga hata mara moja, alikuwa anaona aibu. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula akisubiri.

Kwenye nyumba za pamoja aliyepaswa kuita fundi ni mwenye nyumba, kwa jengo zima. Zipo nchi na miji ambako sheria inamlazimisha. Kwingine mnabaki kupigiana kunguni ukutani kama mpira.

#25 Kobe Mzee
Kwa hiyo mpaka hapa tuna feki, usugu, mayai, fundi mvivu, mabegi na jirani. Mimi bado niko kwenye feki. Huyo wa chupa ya maji alikuwa na nini? Hakuna anayejua. Huwezi kujadili usugu wa dawa ambayo haijulikani.

#26 Binti Maabara
Hapo mzee umenikamata.

#27 Wakili wa Kijiweni
Mnalaumu fundi na jirani, mmesahau wakubwa. Klorpirifosi, ile dawa ya wadudu, mnaikumbuka? Marekani waliiondoa kwenye matumizi ya majumbani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu ya ubongo wa watoto. Umoja wa Ulaya ukakataa kuihuisha mwaka 2020. Mkataba wa Stockholm ukaiingiza kwenye orodha ya kufutwa mwaka 2025, tena ikiwa na misamaha. Hesabu miaka hapo katikati. Muda wote huo kuna sehemu ilikuwa inauzwa rafuni, imesajiliwa, na lebo yake nzuri.

Na parakwati, ambayo Ulaya haijaruhusiwa tangu 2007, imeendelea kutengenezwa Ulaya na kusafirishwa nje. Kwa hiyo swali la Mpangaji "serikali inasajili nini" lina jibu: inategemea wewe ni mtoto wa nani.

#28 Bomba la Mgongoni
Wakili, parakwati ni ya magugu. Hakuna anayempulizia kunguni.

#29 Wakili wa Kijiweni
Hoja ni ile kanuni, fundi. Ndiyo maana kuna Mkataba wa Rotterdam wa 1998: nchi ikizuia kemikali, wengine wajulishwe, na zile zilizoorodheshwa zisipelekwe kwenye nchi mpaka yenyewe iseme inakubali au inakataa. Lakini ili kemikali iingie kwenye orodha nchi zote wanachama lazima zikubaliane, ikipinga moja tu imeganda. Parakwati ilikaa imeganda hivyo mkutano baada ya mkutano.

#30 Binti Maabara
Hilo la maafikiano ni kweli. Ila usiseme ni hila tupu. Serikali mbili zinaweza kuangalia data ileile zikaamua tofauti kihalali. Penye malaria, hatari ya dawa ya ukutani inapimwa na hatari ya mbu. Pasipo na malaria, kuna haja gani ya kuibeba hatari hiyo? Ninachokubali ni kwamba nchi yenye wakaguzi wachache haina anayepita madukani kuhakikisha kilichofutwa kimetoka rafuni kweli.

#31 Tumbili wa Jioni
Uzi ulianza na kunguni mmoja sasa tuko Rotterdam. Mpangaji yuko wapi, bado analala sebuleni?

#32 Mpangaji Mpole
Sebuleni wameshafika, walinifuata. Nahitaji jibu la swali la pili bado: nampataje mtu wa kweli?

#33 Nusu Usingizi
Hilo ndilo la msingi. Anza na wizara ya kilimo, ya afya au ya mazingira ya nchi yako, inategemea viuatilifu viko chini ya nani. Mamlaka nyingi zina daftari la dawa zilizosajiliwa na la wapulizaji wenye leseni, mengine yako mtandaoni. Namba ya chupa itafute humo, uone jina na kiambata vinalingana. Feki nyingi zinabeba namba ya bidhaa nyingine.

#34 Bomba la Mgongoni
Nawaambia ninavyowajua wenzangu. Fundi wa kweli anakagua kwanza. Anayekutajia gharama kwa simu kabla hajainua godoro, huyo kapiga hesabu ya mafuta ya pikipiki yake. Mwambie aje na dawa ikiwa kwenye chupa yake ya asili, aifungue mbele yako, akuonyeshe lebo. Muulize kiambata ni kipi na ni cha kundi gani, na kama safari ya pili atabadilisha kundi. Akisema "siri ya kazi", msindikize getini. Muulize mtakaa nje saa ngapi, nani asiwepo kabisa: mjamzito, mtoto mchanga, mwenye pumu, samaki wa tangi, paka. Aandike jina la dawa na kiasi kwenye risiti, hata kama risiti ni ya daftari.

Na muulize atafanya nini BILA dawa. Akikosa jibu, hajui kunguni. Nusu ya kazi ni mvuke, kunyonya mishono kwa mashine, kufua kwa maji moto na kukausha kwa joto. Joto likizidi nyuzi 50 na likakaa, wanakufa wakubwa kwa mayai, na hakuna kunguni sugu wa joto nimewahi kumwona.

#35 Mama Pacha
Ongeza: piga picha ya lebo kabla hajaondoka. Mtu akizidiwa, daktari anataka jina la kiambata. Kuna kundi la dawa ambalo mgonjwa anatoka jasho na udenda, mboni zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, hilo hospitali wana dawa ya kulipinga, atropini. Kundi lingine matibabu ni tofauti kabisa. Ukifika na "ile kali" unawapa kazi ya kubahatisha. Na aliyemeza msimlazimishe kutapika.

#36 Mwarobaini
Mnahangaika na kemikali za nini? Vitu vya asili vipo. Pareto ni ua tu, halina madhara.

#37 Binti Maabara
Pareto ni ua, na sumu yake ndiyo mama wa hizo piretroidi. Wanakemia waliangalia ua wakatengeneza zinazofanana nalo ila zinazodumu juani. Kunguni aliyeshazoea mtoto hamshtukii sana mama. Asili haimaanishi haidhuru. Nikotini nayo ni ya asili.

Cha asili ninachokiheshimu ni vumbi la diatomu, yaani unga wa maganda ya viumbe wadogo wa majini. Linafyonza na kukwangua nta ya ngozi ya mdudu, anakauka. Linachelewa, wiki nzima au zaidi, lakini usugu wake ni mgumu kuupata. Tafuta lililosajiliwa kwa wadudu, si la kuchujia maji ya bwawa, na usilitupe hewani ukalivuta. Mstari mwembamba kwenye nyufa, basi.

#38 Sita Kwa Sita
Napita tu, mimi nina mende. Nimeweka jeli kwenye kona halafu nikapuliza na dawa kuongeza nguvu. Mbona jeli hawaigusi?

#39 Bomba la Mgongoni
Kwa sababu umewafukuza kwenye mtego wako mwenyewe. Piretroidi inawakera, wanakimbia sehemu iliyopulizwa. Jeli inataka mende atulie, ale, arudi kwake akafie huko, wenzake wale kinyesi chake na mzoga wake, nao wafe. Acha kupuliza. Futa ile ya kwanza, weka jeli upya matone madogomadogo, usubiri.

#40 Sita Kwa Sita
Wanakula mzoga wa mwenzao? Nimeahirisha chakula cha usiku.

#41 Nusu Usingizi
Hakuna aliyejibu la paka.

#42 Binti Maabara
Kweli, samahani. Kutetemeka kwa paka baada ya dawa kunaelekeza kwenye piretroidi, hasa pamethrini. Ini la paka haliwezi kuivunja vizuri kama la mbwa au la binadamu. Hatari kubwa ni dawa ikiwa bado mbichi, anakanyaga kisha anajilamba. Ikijirudia usisubiri siku mbili, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na dawa ya kupaka ya mbwa usimpake paka kamwe.

Kobe Mzee, hili pia linanipa kidokezo cha kilichokuwa kwenye chupa ya maji. Huenda haikuwa feki. Huenda ilikuwa piretroidi halisi, nyingi kupita kiasi.

#43 Kobe Mzee
Au feki yenye piretroidi ndani.

#44 Binti Maabara
Mpangaji, una muda? Fanya jaribio. Pulizia karatasi kwa ile lambda yako kwa kipimo cha lebo, iache ikauke. Vaa glavu. Weka kunguni watano kwenye chupa ya kioo yenye karatasi hiyo, na watano kwenye chupa nyingine yenye karatasi isiyo na dawa. Funika kwa kitambaa chepesi, weka nje ya chumba, angalia baada ya saa 24. Si maabara, ila itatupa picha.

#45 Mpangaji Mpole
Kuwapata kumi ndio kazi rahisi kuliko zote.

#46 Mpangaji Mpole
Nimerudi. Saa 24 zimetimia, nina chupa mbili kibarazani na wapita njia wananiangalia.

Yenye dawa: wawili chali, miguu inacheza. Wawili wanatembea kama hakuna kitu. Wa tano amesimama tu kwenye pembe ya karatasi, nikimgusa kwa kijiti anasogeza antena moja, anaacha.

Isiyo na dawa: wanne wazima. Mmoja kafa.

#47 Bomba la Mgongoni
Si nilisema? Wawili chali. Dawa inafanya kazi, tatizo haiwafikii.

#48 Binti Maabara
Si nilisema? Wawili wanatembea baada ya saa 24 juu ya dawa. Huo ni usugu.

#49 Kobe Mzee
Dawa inaua nusu. Imechakachuliwa nusu.

#50 Ukuta Mwembamba
Kumi umewatoa chumba kipi? Upande wa jirani au ule mwingine?

#51 Mpangaji Mpole
Upande wa jirani wote.

#52 Tumbili wa Jioni
Na yule aliyekufa bila dawa alikufa na nini?

#53 Mpangaji Mpole
Nadhani nilimbana na kifuniko.